Nenda Kaoge Kwanza: Faraja ya Mungu Siku Ambayo Sala Imekukauka



Wiki tatu zilizopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa VIWAWA alinisubiri nje ya sakristia. Alikuwa anazungusha funguo za pikipiki kidoleni, hanitazami usoni. Akaniuliza, "Frateri, mtu ukisali halafu husikii kitu, ndani pakavu kabisa, unaendelea au unaacha?" Nikamjibu harakaharaka, kama mtu aliyefaulu mtihani wa falsafa: imani si hisia, sala ni tendo la utashi, wewe dumu tu. Akasema, "Sawa Frateri, asante," akawasha pikipiki akaenda zake.

Nilichomwambia si uongo. Ila palepale nilijua nimempa jiwe mtu aliyeomba mkate. Maana swali hilohilo lilinikuta mimi mwenyewe mwaka jana mwezi wa sita, na jibu la namna ile halikunisaidia hata kidogo. Kwa hiyo leo naandika nilichopaswa kumwambia.

Novena ambayo hatukuimaliza

Mama aliugua kansa kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Nyumbani kwetu ni Uyole, hapa Mbeya. Mama ni mtu wa Tukuyu, baba ni Mhehe wa Iringa. Nilipomaliza mitihani ya mwisho ya falsafa nilipanda basi nikarudi nyumbani, na nilipomwona tu nikajua. Hakuna aliyeniambia kitu. Alikuwa amekaa kibarazani anaota jua, amejifunika blanketi, na mkono alionipungia ulikuwa mwembamba kama wa mtoto.

Bibi mzaa baba, ambaye yuko kijijini Iringa, upande wa Tosamaganga, akapiga simu: tuanze novena ya Konsolata. Kwa watu wa Iringa sina haja ya kueleza hapo. Kwa wengine, niseme kwa kifupi. Wamisionari wa Konsolata walifika Iringa mwaka 1919, wakaendeleza misheni ya Tosamaganga ambayo Wabenediktini walikuwa wameianzisha kabla yao. Shirika lao lilianzishwa Torino, Italia, mwaka 1901 na Padre Yosefu Allamano, yule ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Afya yake ilikuwa mbovu, akabaki kulitunza kanisa la hija la Bikira Maria Konsolata pale Torino mpaka alipofariki mwaka 1926. Sikukuu ya Konsolata ni tarehe 20 Juni. Bibi alilelewa na masista wa shirika hilo, na kwake Konsolata ni jirani, ni mtu wa kuomba chumvi.

Basi tukaanza tarehe 11, bibi kule na sisi huku, simu imewekwa spika katikati ya kitanda. Mama alikuwa anaitikia kwa sauti ndogo, akichoka ananyamaza, tunaendelea. Tarehe 15 paroko akaja kumpa Mpako wa Wagonjwa. Tarehe 17 alfajiri, siku ya saba ya novena, akafariki.

Siku ya nane na ya tisa hakuna aliyezitaja. Labda kila mtu alizikumbuka akanyamaza.

Tulimsafirisha usiku kwenda Iringa kwa Coaster, jeneza katikati, sisi pembeni. Barabara ile naijua kama kiganja changu: Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, halafu ile misonobari ya Mafinga inayokuja na ukungu wake. Mwezi wa sita baridi ya Makambako haina mchezo. Katika safari nzima mimi ndiye niliyekuwa naongoza rozari. Kila tukimaliza matendo matano, shangazi anasema, "Endelea, Frateri," na mimi naendelea. Sauti yangu ilikuwa nzuri tu. Nakumbuka nilijishangaa: hivi ni nani huyu anayesali?

Kwenye mazishi niliongoza tena. Sikulia. Wazee wakaja kunishika mkono, "Kamwene, Frateri, umekuwa mwanaume kweli," na mimi nikaona ndivyo inavyotakiwa. Mbele ya kaburi la mama yangu nilikuwa najiuliza kama maikrofoni inasikika mpaka nyuma.

Na kulikuwa na ujumbe kwenye simu. Mtu mmoja, simtaji na wala sina kinyongo naye, aliniandikia pole ndefu yenye mistari ya Biblia, na mwishoni akauliza kama familia yetu iliomba kwa imani ya kutosha. Nilisoma mara moja tu. Hiyo moja ilitosha kukaa kichwani siku tatu.

Swali langu na jibu la bibi

Tarehe 20, siku ya Konsolata yenyewe, watu walienda Misa. Mimi sikwenda. Nilisema naumwa kichwa. Nikakaa nyuma ya nyumba, kwenye gogo, na kitabu cha Masifu nimekifungua magotini. Nilisoma Zaburi ya kwanza, nikafika mwisho, nikagundua sikumbuki hata neno. Nikaanza upya. Hivyohivyo. Mara ya tatu nikafunga kitabu. Nilitaka kumwambia Mungu kwamba nimekasirika, na hata hasira yenyewe haikuja. Ndani palikuwa kama debe tupu.

Bibi alirudi kutoka Misa, akanikuta palepale. Mnajua jinsi mabibi wanavyowaita wajukuu wao. Mimi kwake ni mume, na tangu niingie seminari analalamika kwamba mapadre wamempora mume wake. Siku hiyo hakutania. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama.

Nikamwuliza, "Bibi, hivi Mungu anatusikia kweli?"

Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Umeoga lini?"

Nikafikiri. Siku nne zilikuwa zimepita. Tangu Mbeya.

"Umekula nini leo?"

Sikuwa nimekula.

"Nenda kaoge kwanza, mume wangu. Maji nimeyabandika. Hayo mengine tutaongea."

Kwa kweli nilikasirika. Hasira iliyokataa kuja kwa Mungu ilikuja kwa bibi. Mimi nina shahada ya falsafa, nimeuliza swali ambalo watu wameliandikia vitabu tangu enzi za Ayubu, na ninaambiwa habari za kuoga! Lakini huwezi kubishana na bibi wa Kihehe aliyeshika ndoo. Nikabeba ndoo yangu, nikaenda kwenye lile bafu la mabati nje, baridi inapiga, moshi wa kuni umekaa ndani ya maji. Nikajimwagia kata ya kwanza mgongoni.

Nikatoka nikala ugali na maharage. Nikalala saa tisa alasiri, nikaamka kesho yake kumekucha, jogoo wameshamaliza kazi yao. Nikamkuta bibi jikoni anamenya viazi. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kisu kingine, na nilipokuwa na kiazi cha pili mkononi machozi yakaanza. Nililia kama mtoto. Bibi akaweka kisu chini, akalia na yeye. Alikuwa amempenda sana huyo mkwe wake wa Tukuyu aliyekuwa akimfanyia mzaha kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", kila akipewa chai. Tulipomaliza kulia, alianzisha yeye sala ya marehemu, na mimi nikaitikia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alfajiri ya tarehe 17 maneno kutoka mdomoni mwangu na mimi nikiwemo ndani yake.

Sasa twende darasani.

Malaika ambaye hakuhubiri

Fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Soma mwenyewe, usitosheke na muhtasari wangu. Nabii Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa mlimani Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni, manabii wa Baali wameaibika. Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe na moyo wa simba. Lakini malkia Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja tu wa kumtisha, naye anakimbia. Anafika Beer-Sheba, anamwacha mtumishi wake hapo (angalia kosa hilo, anabaki peke yake), anatembea jangwani mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe roho. Kisha analala.

Mungu anamjibuje? Anamtuma malaika. Na malaika hana mahubiri. Hamwambii Eliya kwamba imani yake ni ndogo, hamkumbushi moto wa Karmeli, hamwulizi kama aliomba vya kutosha. Anamgusa, anamwambia aamke ale. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa, na mtungi wa maji. Eliya anakula, anakunywa, halafu anafanya nini? Analala tena! Na malaika anamwacha alale. Anarudi mara ya pili na chakula kilekile, na safari hii anatoa sababu: njia iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake.

Baada ya hapo ndipo Eliya anatembea siku arobaini mpaka Horebu, na huko ndiko kunakotokea ule upepo, tetemeko, moto, na mwisho ile sauti ndogo ya utulivu ambayo sisi wahubiri tunaipenda sana. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sauti ile. Juu ya mkate wa makaa nimesikia machache. Ila tazama mpangilio wa Mungu mwenyewe: usingizi, chakula, usingizi, chakula, safari, na mazungumzo mwishoni. Na katika mazungumzo hayo anampa Eliya mtu wa kufanya naye kazi, Elisha, ili asibaki peke yake tena.

Bibi yangu hajasoma Maandiko chuoni. Lakini "hayo mengine tutaongea" ni Wafalme wa Kwanza 19 tupu.

Thoma wa Akwino na ndoo ya maji

Sasa niwape kitu ambacho kilinichekesha na kuniumiza kwa wakati mmoja. Mwaka wa tatu wa falsafa tulisoma sehemu za Summa Theologiae ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, zile zinazohusu hisia za mwanadamu. Kuna swali la 38 katika nusu ya kwanza ya sehemu ya pili, linalohusu dawa za huzuni. Nililisoma, nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikajibu kwenye mtihani, nikasahau. Thoma anataja dawa tano: jambo lolote linalokupa furaha, machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na ya mwisho, usingizi na kuoga.

Ndiyo. Kuoga. Mwalimu mkubwa wa Kanisa, karne ya 13, katikati ya kitabu kizito kuliko vyote, ameweka kifungu kizima kujiuliza kama kuoga kunapunguza huzuni, na akajibu kwamba kunapunguza. Sababu yake ni rahisi. Huzuni inakwenda kinyume na mwendo wa uhai wa mwili, kwa hiyo chochote kinachourudisha mwili kwenye hali yake nzuri kinapambana na huzuni. Kwa Thoma wewe si roho iliyokodi chumba ndani ya mwili. Wewe ni mmoja. Ukiugusa mwili umemgusa mtu mzima, na neema inapokuja haiji kwa nusu yako ya juu peke yake. Ndiyo maana Kanisa letu linabatiza kwa maji, linapaka mafuta, linalisha mkate.

Dawa ya kutafakari ukweli anaieleza kwa mfano wa shahidi Tiburtio, aliyetembea peku juu ya makaa ya moto akajisikia kama anakanyaga maua. Mimi huko sijafika, nitapita haraka.

Kwenye machozi nitakaa kidogo, hasa kwa ajili ya ninyi vijana wa kiume. Thoma anasema kitu kinachoumiza kikifungiwa ndani kinaumiza zaidi, kwa sababu akili yote inakusanyika hapo. Kikitoka nje, akili inapata nafasi. Na kwamba mtu aliye katika huzuni, tendo linalofanana na hali yake ni kulia, na kutenda inavyokupasa kuna nafuu ndani yake. Yaani kulia msibani ni kufanya kitu kilicho sahihi. Wale wazee walionisifu kaburini walinipenda, lakini walinisifia ugonjwa. Bwana wetu alilia mbele ya kaburi la Lazaro, tena akijua dakika chache baadaye atamfufua.

Augustino naye alioga

Na hapa ndipo paliponiumiza. Thoma anapozungumza juu ya kuoga, anamleta shahidi: Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha tisa cha Maungamo. Nikarudi kusoma pale mahali baada ya msiba, nikiwa nimeshatoka Iringa. Unajua Augustino alikuwa na msiba gani siku hiyo alipokwenda kuoga? Alikuwa amemzika mama yake.

Monika alifariki mwaka 387 pale Ostia, bandari ya Roma, wakiwa njiani kurudi nyumbani Afrika, katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Alikuwa katika mwaka wa 56 wa umri wake, mwanaye katika mwaka wa 33. Kijana Adeodato, mwana wa Augustino, alipaza sauti kulia, wakubwa wakamnyamazisha. Augustino mwenyewe akayazuia machozi kwa nguvu zote, akazungumza na wageni vizuri tu, akienda kaburini na kurudi bila kulia, watu wakidhani hana uchungu. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kidogo, nikaenda kuchungulia dirishani. Kumbe kuna Mwafrika mwenzangu aliyeuliza kama maikrofoni inasikika, miaka 1,600 na zaidi kabla yangu.

Halafu akaenda kuoga, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba jina la bafu kwa Kigiriki linatokana na kufukuza uchungu rohoni. Na anasema wazi, haikumsaidia. Alitoka alivyoingia. Kilichomsaidia ni usingizi. Aliamka akakuta uchungu umelainika, akakumbuka utenzi wa Askofu Ambrosi kuhusu Mungu anayewapa waliochoka pumziko la usiku. Na hapo hatimaye, akiwa peke yake mbele ya Mungu, akayaachia machozi.

Nafurahi Augustino aliandika kwamba kuoga hakukumsaidia. Ananizuia nisiwauzie ndoo ya maji kama wengine wanavyouza chupa za mafuta ya upako. Kuoga hakumleti Mungu. Kulala hakumleti Mungu. Hata novena haimleti Mungu kama unavyoita bodaboda. Yeye yupo tayari, ndiye anayetujia, na anachagua atakuja kupitia nini. Kosa langu pale kwenye gogo ni kwamba nilikuwa nimeshaamua faraja lazima ije na sura ya faraja: mwanga kidogo, amani moyoni, mstari wa Zaburi unaochoma. Ilipokuja na harufu ya moshi wa kuni, nikaikasirikia.

Mtu ataniuliza: basi kama faraja inapitia ugali na usingizi, sala ya nini? Swali zuri. Nami najibu kwa nilivyoliona. Bila sala ningeoga, ningelala, ningepata nafuu, na habari ingeishia hapo. Sala, hata ile kavu ya rozari ndani ya Coaster, ndiyo iliyoniweka nimeelekea upande fulani, kama mtu aliyesinzia akiwa bado amekaa mlangoni kwa mwenye nyumba. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa hapo. Kwa hiyo yule kijana wa pikipiki nilimwambia kweli nilipomwambia adumu. Nilichokosea ni kumwambia adumu peke yake, na tumbo tupu.

Na ile novena? Sijui kama mnategemea nitasema mama aliponywa kwa namna nyingine. Mafundisho ya Kanisa juu ya uzima wa milele nayaamini, na kila Misa namweka pale. Lakini mimi nilimwomba Mungu mama abaki, na hakubaki. Yesu naye aliomba kikombe kimwepuke Gethsemane, hakikumwepuka. Luka anaandika kwamba malaika alimtokea akamtia nguvu. Nguvu alipewa, kikombe kikabaki. Kumbuka pia kwamba kabla ya hapo aliwaomba marafiki watatu wakeshe naye, wakalala. Mwana wa Mungu aliona haja ya watu kukaa karibu naye. Thoma anaeleza kwa nini: huzuni ni kama mzigo, na rafiki anapohuzunika nawe unajisikia kama ameshika upande mmoja. Na zaidi ya hapo, unaona kwamba unapendwa. Bibi alipoweka kisu chini akalia, hakunipa maelezo yoyote. Alishika upande wake.

Jina Konsolata, kwa Kitaliano, maana yake hasa ni "aliyefarijiwa". Sisi tunamwita Mama Mfariji, na si kosa, ila neno lenyewe linaanzia nyuma zaidi: amefarijiwa kwanza na Mungu, ndiyo maana anaweza kufariji. Paulo anaanza Waraka wa Pili kwa Wakorinto kwa wazo hilohilo, sura ya 1, aya ya 3 na ya 4. Yasome jioni ya leo.

Kwa aliye chini ya mti sasa hivi

Neno moja kabla sijaendelea. Eliya aliomba kufa. Kama na wewe wazo hilo linakujia, au wiki zinapita huli, hulali, huoni sababu ya kuamka, usinisome mimi halafu ukanyamaza. Leo hii mwambie mtu: paroko, sista, mama wa jumuiya, dada yako. Na nenda hospitali, sema hivyo hivyo unavyojisikia. Kwenda kwa daktari si kupungukiwa imani. Ni kula mkate ulioletwa.

Kwa wengine wote ambao tumechoka tu, hii ndiyo kazi ya wiki hii, na si ngumu. Kabla ya kulala, kaa dakika tano mbele ya Mungu na jiulize maswali ya bibi: nimekula? nimelala? nimeoga? nani anajua nilivyo? Lile ambalo jibu lake ni hapana, hilo ndilo uanze kumwambia Mungu, kwa maneno yako ya nyumbani. Kama huna maneno, kaa tu. Ukisinzia, usijilaumu. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alikuwa akisinzia kwenye sala, na aliamini kwamba wazazi wanawapenda watoto wao hata wakiwa wamelala.

Jumapili iliyopita nilimtafuta yule kijana. Amenipa ruhusa niandike. Nilimkuta kijiweni, nikamwambia, "Lile swali lako nililijibu vibaya. Umekula?" Akacheka. Hakuwa amekula. Tukaenda kwenye chipsi za pale karibu na stendi, na huko ndiko nilikojua kwamba pikipiki ni ya mkataba, kila siku hesabu ya bosi haina msamaha, analala saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja, ni miezi mitano sasa. Rozari anaisali akiwa kwenye foleni ya abiria. Ndani pakavu, kumbe mwili wenyewe hauna hata tone.

Sikumpa falsafa. Tulipanga aongee na viongozi wa VIWAWA waone kama mfuko wao wa kukopeshana unaweza kumsaidia kumalizia deni la mwisho wa mwezi, na Jumapili jioni asiendeshe. Tukanyamaza kidogo tukila. Halafu nikamsimulia habari za mama, za Coaster, za ndoo. Alisikiliza akiwa ameacha kula. Nilipomaliza akaniuliza mama alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia. Akatoa simu, akaliandika jina, akaniambia Jumatano asubuhi ana abiria wa kumpeleka Misa, na safari hii ataingia naye ndani.